Kitufe cha Kubali Zote

Kwenye dobi letu kila mtu ana jina la kazini. Mimi ni Shangazi, ingawa hapo hakuna mtoto wa kaka yangu hata mmoja. Mwenzangu wa kupiga pasi tulimwita Bi Mkunjo, kwa sababu suruali ikipita mikononi mwake, mkunjo wake unaweza kukatia sabuni. Ni mwanamke mwembamba, mcheshi, anayeimbaimba huku pasi ikipumua mvuke. Ukimtania anakurudishia na riba. Ila saa ya kutoka ikikaribia alikuwa akibadilika. Utani ulikatika, akanawa uso, akafunga kilemba upya mbele ya kioo cha chooni, akaondoka bila kuaga.

Karibu na kiwiko alikuwa na kovu la pasi. Wenzetu walimcheka: fundi gani huyu anayejipiga pasi mwenyewe? Naye alicheka pamoja nao. Mimi sikucheka. Pasi zetu ni pana, na kovu lile lilikuwa na ncha nyembamba, ncha ya pasi ya nyumbani. Nilingoja tukabaki wawili tunakunja mashuka, nikamuuliza ni nani aliyemfanyia vile.

"Shangazi, nakuomba usiniulize tena," akasema. Kwangu hilo lilikuwa jibu tosha.

Mumewe ni fundi saa. Mpole, msafi, akipita mtaani anasalimia hadi paka. Hajawahi kupaza sauti, na ubaya wake upo hapohapo, kwa sababu mtu anayefoka majirani watamsikia. Huyu hufunga mlango kwanza, akafungulia redio, halafu akaanza kuongea taratibu. Mkewe aliruhusiwa simu ya vitufe tu. Tableti ya nyumbani ilikuwa ya baba. Binti yao, Kidoti, aliruhusiwa kuiazima kwa kazi za shule. Mama hakukatazwa kuigusa, maana baba hakudhani kama anajua hata kuiwasha.

Alijua. Siku moja ya mapumziko, mume akiwa dukani kwake, aliifungua akaingia kwenye tovuti ya kampuni inayopangisha vyumba. Alitaka chumba kimoja tu, upande wa pili wa mji, cha yeye na Kidoti. Kabla hajaona hata picha moja, utepe ukajitokeza chini ya kioo: tunatumia vidakuzi ili kukupa huduma bora. Hapo palikuwa na kitufe cha kijani, kinono, kimeandikwa Kubali Zote. Pembeni kulikuwa na maandishi ya kijivu, hafifu kama yameoshwa mara nyingi, yakisema Simamia mapendeleo. Nani anahangaika na hayo? Alibonyeza cha kijani kama tunavyobonyeza sote, ili kitu kitoke mbele ya macho. Akatazama vyumba, akapenda kimoja chenye mlango wa bluu na dirisha kubwa. Kisha akafuta historia, kama Kidoti alivyomfundisha, akairudisha tableti mezani akiamini amepita bila kuacha unyayo.

Siku chache baadaye mume alikuwa kochini anasoma habari za mpira. Bi Mkunjo akainama kumpa sahani, na katikati ya habari za mpira akauona mlango wa bluu. Chini yake maneno: Bado unatafuta? Chumba hiki kipo.

Aliniambia vidole vilikataa kuiachia sahani. Mume akapandisha ukurasa kwa kidole, tangazo likapita. "Ahsante, mke wangu," akasema, akaanza kula.

Kesho yake alikuja kazini macho mekundu. Bosi alipokwenda benki tuliingia ofisini mwake, tukapiga simu kwenye ile kampuni, nikaweka spika. Aliyepokea alikuwa msichana mwenye adabu zake.

"Dada, sisi hata jina lako hatulijui," akasema Bi Mkunjo alipomweleza lililotokea. "Tovuti inaweka kidakuzi kwenye kifaa chako. Ukienda tovuti nyingine yenye matangazo yetu, kifaa kinatambulika, tangazo linakufuata."

"Kidakuzi ndiyo mdudu gani?" nikadakia.

Akaeleza, akarudia. Mwisho nilimwelewa kwa njia ya kwetu. Hapa dobi kila nguo inayoingia tunaibana kijikaratasi chenye namba ndani ya ukosi. Hatuna haja ya jina la mwenyewe; nguo ikiibuka popote kwenye lundo tunajua ni ipi. Na wao walikuwa wamembana rafiki yangu namba. Tofauti ni kwamba shati halina mume nyumbani.

"Na ruhusa mlimwomba nani?" nikauliza.

"Alikubali mwenyewe, mama. Bila kukubali, vya matangazo haviwekwi."

"Alikubali kutazama vyumba! Hakukubali mumtangaze sebuleni kwake!"

 Nadhani msichana alitambua kwamba hapa hakuna mteja mkorofi bali kuna mtu anaogopa, maana alipojibu sauti ilikuwa imeshuka. Akasema ruhusa inaweza kuondolewa, ila lazima kwa kifaa kilekile. Afungue tovuti, ashuke mpaka chini kabisa, atafute mipangilio ya vidakuzi, azime swichi za matangazo, ahifadhi. Halafu aingie kwenye mipangilio ya kivinjari, afute vidakuzi vya kampuni na vya wale wanaowasambazia matangazo. "Au futa vyote kwa mpigo. Ndiyo rahisi."

Bi Mkunjo akatikisa kichwa. Akifuta vyote, barua pepe ya mume itadai nywila upya, naye atajua kuna mkono umepita.

"Basi kimoja kimoja," akasema yule msichana. "Pole sana, dada."

Nilikasirika kuliko ninavyoweza kuandika. Kukubali kulikuwa mguso mmoja wa kidole. Kukataa kulikuwa safari, na safari yenyewe ilipita mbele ya simba.

Jumapili asubuhi mume aliingia kuoga. Akioga huwa hana haraka, akitoka hapo ananyoa ndevu. Bi Mkunjo akaichukua tableti, akasimama nayo jikoni, sikio likiwa bafuni. Akashuka chini ya ukurasa, akashuka tena. Mipangilio ilikuwa imeandikwa kwa herufi za sisimizi. Ikafunguka orodha ya swichi, na chini yake orodha ya washirika, kampuni ambazo hajawahi kuzisikia, kila moja na swichi yake. Akawa anazizima moja baada ya nyingine. Alipofika mwisho alikuta kile kitufe kinono cha kijani kimekaa palepale ambapo kidole kilikuwa kinaelekea, na Hifadhi Uchaguzi kimejificha juu yake. Bado kidogo abonyeze Kubali Zote kwa mara ya pili.

Maji yakakatika bafuni. Alikuwa bado ana vidakuzi vya kufuta. Akafuta vya kampuni, akafuta vya wasambazaji, anasoma majina moja moja, mlango wa bafuni ukalia. Akaiweka tableti mezani kama ilivyokuwa, akashika kisu, akaanza kukata kitunguu ambacho hakuna aliyekihitaji. Mume akapita na taulo begani. "Mbona unalia?" akauliza. "Kitunguu," akasema.

Yale matangazo yakakoma. Wiki ile Bi Mkunjo aliimba kazini tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka bosi akauliza kama ameongezwa mshahara, na ameongezwa na nani. Tuliamua chumba cha mlango wa bluu tukiache. Nina chumba cha uani, nikamwambia aje kwangu mwezi ukiisha. Alimnong'oneza Kidoti ili mtoto apange vitabu vyake polepole.

Jumamosi mchana walikuwa mezani wote watatu. Mume alikula akamaliza, akafuta mikono, akaivuta tableti, akatazama habari zake kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa ile sauti yake laini, "Mama Kidoti, yale matangazo ya vyumba yameacha kuja. Umeshapata?"

Alikuwa ameyaona tangu la kwanza. Siku zote zile alikuwa akila, akishukuru, akilala ubavuni mwake, anangoja tu aone mkewe atafika wapi. Tangazo kuwepo lilimwambia mke anatafuta. Tangazo kutoweka likamwambia amepata.

 Kidoti ndiye aliyemjibu. "Ni mimi, baba. Nilikuwa natafuta picha za nyumba. Kazi ya shule."

Mume akageuza kichwa taratibu akamtazama mtoto. Bi Mkunjo anasema mtazamo ule anaujua, ameishi nao, lakini siku zote ulikuwa wake peke yake. Hakuwahi kuuona ukimwangukia mwanawe. Mume akasimama, akaenda kufungulia redio.

"Si yeye," Bi Mkunjo akasema. "Mimi ndiye niliyebonyeza."

Mkono wa mume ulikuwa kwenye redio, mlango bado haujafungwa. Hapo Bi Mkunjo akafanya jambo ambalo miaka yote ya ndoa hakulifanya, kwa aibu na kwa kulinda heshima ya nyumba. Alipiga yowe. Alipiga yowe mpaka sauti ikakwaruza, na majirani wakajaa kwenye ukumbi wa ghorofa nje ya mlango, mmoja na mwiko mkononi, mwingine povu la sabuni mpaka viwikoni.

"Karibuni, karibuni," mume akasema akitabasamu. "Hakuna kitu, ameshtuka tu."

Jirani mwenye mwiko hakumtazama yeye. Alimtazama Bi Mkunjo. "Unataka kutoka humu?" akauliza.

"Ndiyo."

Wakampisha. Alitoka na alichovaa, mkono wa Kidoti ndani ya mkono wake, majirani wamesimama huku na huku. Mume hakuwafuata. Aliegemea mlango wake wazi, mikono kifuani, kama mwenyeji anayesindikiza wageni. Walipofika kwenye ngazi, mtoto akainua uso, akauliza kwa sauti iliyofika kila kona ya ukumbi ule, "Mama, tunaenda kwa Shangazi wa kazini kwako?"

Bi Mkunjo akamziba mdomo kwa kiganja, akageuka. Mume alikuwa bado amesimama mlangoni, akaitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilingoja.

Sasa wako kwangu. Nimeongeza komeo mlangoni, na dirisha la uani nimelipigia mbao. Hatua zikisikika nje tunaacha kula, sote watatu, mpaka zipite.