Siku Kumi na Mbili za Zima-Washa

Saa moja kasoro robo asubuhi, benchi la nje ya maabara bado tupu, mwanamume mwembamba mwenye koti la kijivu anasukuma mlango kwa bega. Mkono mmoja umeshika chupa ya chai, mwingine rula ya mbao. Anaketi mbele ya kompyuta iliyounganishwa na mashine ya kupima damu, anafungua daftari kubwa la maabara na kuweka rula chini ya mstari wa kwanza. Anasoma daftari, anatazama kioo cha kompyuta. Anashusha rula mstari mmoja. Daftari tena, kioo tena.

Leo ni tarehe tatu. Ataendelea hivi kila asubuhi mpaka tarehe kumi na mbili, halafu atapumua, halafu mwezi mwingine utaanza.

“Chai naileta kila siku,” anasema bila kugeuka. “Sijui kwa nini. Huwa narudi nayo nyumbani imepoa.”

Hapa hospitalini hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Zima-Washa. Kwa miaka kumi na minne, ukimpigia simu kwamba kompyuta imegoma, swali lake la kwanza limekuwa hilohilo: “Umezima ukawasha?” Wauguzi humwigiza mbele ya macho yake, na zamani alikuwa akicheka kuliko wao. Siku hizi anatabasamu kwa adabu na kuendelea na safari yake.

Kazi yake ni kupatanisha programu zisizoelewana. Mashine za hospitali huja na programu zao, na ofisi nayo ina programu yake ya kumbukumbu za wagonjwa. Zikikutanishwa, hugombana: moja inaizuia nyingine kuchapisha, au moja inafunguka na nyingine inazimika. Zima-Washa huitwa, hujikuna kichwa, hupata dawa. Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama ulikuwepo.

Mwaka jana, tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa tatu, aliifanya vibaya.

Makao makuu walitaka majibu ya damu yaende moja kwa moja kwenye programu ya ofisi, ili daktari ayasome kwenye kioo badala ya kusubiri karatasi. Kompyuta ya pili iliyoahidiwa haikufika. Programu zote mbili zikawekwa kwenye kompyuta moja, kama wapangaji wawili wasiojuana waliopewa chumba kimoja. Programu ya mashine huandika mwezi kwanza, kisha siku. Ile ya ofisi husoma siku kwanza, kisha mwezi.

Ukielezwa kosa lenyewe utadhani unataniwa. Siku ile ya majaribio ilikuwa tarehe ishirini na tatu. Kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tatu, programu ya ofisi ilijirekebisha yenyewe na kusoma sawasawa.

“Nilijaribu mara arobaini,” anasema. “Arobaini! Zote sawa. Nikatia sahihi, nikaenda zangu kula.”

Ilipofika tarehe mosi ya mwezi uliofuata, mambo yaligeuka na hakuna aliyeona. Kuanzia tarehe mosi hadi kumi na mbili ya kila mwezi, siku ilisomwa kama mwezi na mwezi kama siku. Majibu ya tarehe tano mwezi wa sita yaliingia kama ya tarehe sita mwezi wa tano. Mengine yalirushwa mbele, kwenye miezi ambayo haijafika, na programu ikayaficha. Tarehe kumi na tatu ikifika, kila kitu kinakwenda sawa tena. Ilikuwa hivyo kwa miezi minne.

Ndipo anapoingia mshonaji. Mama huyu, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, ndiye aliyekuwa akishona sare za hospitali hii. Hata koti la Zima-Washa alilishona yeye, akalitia mfuko wa tatu, wa bisibisi, bila kuombwa. Alikuwa akipimwa figo mara kwa mara. Majibu yake ya mwezi wa tano, tarehe ishirini, yalikuwa ya kuridhisha. Tarehe tano mwezi wa sita alirudi na miguu iliyovimba, akapimwa tena. Daktari alifungua kompyuta na kutazama jibu lililo juu kabisa, ambalo lilikuwa lile zuri la tarehe ishirini. Jibu jipya, lile baya, lilikuwa limekaa chini yake, limevaa tarehe ya zamani. Akaambiwa apunguze chumvi, arudi nyumbani.

Baada ya wiki tano aliletwa amebebwa. Figo zilikuwa zimekufa.

Aliyegundua ni mtaalamu wa maabara, dada mmoja mkaidi ambaye mkubwa wake alikuwa amemkataza kuandika daftari la karatasi kwa kuwa sasa kuna kompyuta. Aliendelea kuliandika.

“Niliwaambia, huyu mama nilimpima kwa mikono yangu na jibu lilikuwa baya, nalikumbuka,” anasema. “Wakanionyesha kioo, wakaniona kama nimechanganyikiwa. Nikaenda kuleta daftari.”

Zima-Washa anakumbuka alivyosimama mbele ya daftari lile. Alitazama tarehe moja, ya pili, ya tatu. Kisha akakaa sakafuni katikati ya maabara, wagonjwa wakimtazama.

Kamati iliundwa. Ikakaa, ikanywa maji ya chupa, ikaandika kwamba lilikuwa tatizo la mfumo. Barua ya kuomba radhi iliyopelekwa kwa mshonaji ilisema hivyohivyo.

“Mfumo hauna mkono,” anasema Zima-Washa. “Mkono uliotia sahihi ni huu hapa.”

Majibu mia sita na arobaini yalikuwa yamekaa pasipo pake. Mengi hayakuleta madhara. Lakini watu sitini na mmoja walihitaji kuitwa warudi upesi. Kazi ya kuwatafuta hakupewa, alijipa mwenyewe, baada ya saa za kazi na siku za mapumziko. Amewapata hamsini na wawili. Wanne kati yao aliwakuta wameshazikwa, na mpaka leo hakuna anayeweza kumwambia kama ni kwa sababu hiyo au kwa nyingine.

Mke wake, ambaye ni mwalimu, anasema nyumbani kumebadilika. “Kalenda ya ukutani ameishusha. Ukimuuliza leo tarehe ngapi, anakasirika. Nimwambie nini? Nikisema akosaye ni binadamu, ataniambia na yule mama naye ni binadamu.”

Tarehe ameshazirekebisha. Shida ni kwamba kila makao makuu wanapotuma marekebisho ya programu yao, mpangilio unarudi ulivyokuwa, na yeye hana ruhusa ya kuyazuia. Programu ya mashine nayo imefungwa kwenye kompyuta hiyo moja, haihamishiki bila walioiunda, na hao waliacha kujibu barua zamani. Ndiyo maana kila siku kumi na mbili za mwanzo wa mwezi anakuja na rula.

Alipokubali kuzungumza na gazeti hili alitoa sharti moja: isichapishwe hata herufi kabla hajamwambia mshonaji ukweli kwa kinywa chake. Kwa miezi saba amekuwa akipita kwenye chumba cha kusafishia damu, akijifanya anakagua nyaya. Kila mara alimeza maneno.

Saa nne anafunga daftari. Leo hakuna lililokaa pabaya. Anapanda ngazi polepole, mkono mfukoni.

Mshonaji amelala kwenye kiti kirefu, mirija miwili mkononi. Huja mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara. Cherehani yake, anasema, ameifunika shuka kwa sababu hapendi kuitazama.

“Kaa, mwanangu. Usinisimamie kama askari.”

Anakaa. Anaeleza yote: tarehe ishirini na tatu, majaribio arobaini, sahihi. Hasemi mfumo hata mara moja. Akifika kwenye miguu iliyovimba, anakatiza sentensi, anaianza upya mpaka aimalize.

Mama anatazama dari. Mashine inaendelea kuzungusha damu yake. Machozi yanamtoka pembeni mwa macho na kuingia masikioni, na ingawa mkono usio na mirija uko huru, hayafuti.

“Walikuwa wangapi kama mimi?” anauliza.

“Sitini na mmoja, mama.”

“Na hujawapata wangapi?”

“Tisa.”

“Tisa.” Anamgeukia. “Sasa hapa umekuja kufanya nini?”

“Nimekuja kukuomba msamaha.”

“Mimi umeshanipata. Hao wako wapi?”

Zima-Washa anatoa karatasi kwenye mfuko wa tatu, ule wa bisibisi. Wa kwanza kati ya hao tisa ameandikwa tu: msukuma mkokoteni, sokoni. Namba yake ya simu haipatikani.

“Msukuma mkokoteni hakai mbele ya simu,” anasema mshonaji. “Nenda sokoni, ulizia kwa wanaouza magunia. Nenda sasa hivi. Msamaha njoo uuombe ukishawapata wote, kisha nitaona kama ninao.”

Anasimama. Anairudisha karatasi mfukoni. Mpango wake, anasema tukishuka ngazi, ni huo tu: sokoni leo, na kesho tarehe nne arudi na rula yake. Mbali zaidi ya hapo hathubutu kutazama.

Nyuma yetu sauti ya mama inamfuata mpaka kwenye ngazi, kali kidogo, ya mtu aliyezoea kukagua kazi yake.

“Na hicho kifungo cha koti kimelegea. Ukirudi na wa tisa, njoo na sindano.”