Siku Mdogo Wangu Aliponiambia Niketi

Mimi ni mtu wa maneno. Nimefundisha shule ya msingi hapa Majengo kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wanajua kwamba ukiniuliza swali moja utaondoka na majibu matatu. Kwa hiyo mdogo wangu alipoacha kusikia akiwa na miaka minne, baada ya homa ya uti wa mgongo, watu wa nyumbani walitania kwamba maneno yake yote nimeyachukua mimi. Walicheka, nami nikacheka nao. Kumbe moyoni niliamini.

Mwanzoni hakuna aliyejua lugha ya ishara, tukajitungia yetu. Mama alikuwa fundo la kitenge kiunoni, viazi vilikuwa ngumi mbili. Baadaye mdogo wangu alipelekwa shule ya viziwi, akarudi na ishara za kweli, akaanza kunifundisha mimi kabla ya wengine. Nilijisifu sana, mpaka aliponiambia sababu: alikuwa amechoka kunitazama nikipiga domo bila kujua nasema nini. Tangu hapo nikawa mdomo wake sokoni, kanisani, kwa daktari na kwa fundi wa nguo.

Alipopata diploma yake ya serikali ya kumaliza sekondari, akasema anataka kusomea kazi ya maabara. Karani wa chuo alimtazama yeye, kisha akaniuliza mimi, eti huyu atasikia masomo namna gani? Nikamuuliza kama yeye mwenyewe alisikia yote aliyofundishwa. Mdogo wangu alinivuta kitenge, maana uso wangu ukishapanda joto yeye huusoma haraka kuliko mtu yeyote. Mwishowe alikubaliwa, kwa sharti moja: aje na mkalimani wake mwenyewe. Mkalimani huyo hakuandaliwa mshahara wala kiti.

Nikawa mkalimani huyo miaka mitatu. Asubuhi nilifundisha wanafunzi wangu, mchana nilipanda pikipiki mpaka chuoni na kusimama pembeni ya ubao. Masomo yalikuwa kwa Kifaransa. Mwalimu wa kemia alizoea kufundisha akiwa amewapa wanafunzi mgongo, na siku nyingine nilikuwa natafsiri kikohozi chake. Mdogo wangu alisoma ubao, aliazima madaftari ya wenzake, na jioni alinieleza mimi somo nililokuwa nimemtafsiria. Lakini huko nje maneno yalitembea. Watu walisema dada ndiye anayesoma, kiziwi anabeba tu begi.

Kazi yake ya mwisho chuoni ilihusu maji ya bidoni, yale madumu ya plastiki. Familia nyingi hapa hunywa maji ya ziwa. Pale ufukweni kuna watu wenye bomba la sindano, na kila bidoni ikijazwa wanaitilia dawa kidogo ya kuua vijidudu. Yeye alitaka kujua maji hayo yanakuwaje yakishakaa siku mbili chini ya kitanda. Miezi mizima alizunguka Majengo na sanduku la barafu, akibisha hodi na kuonyesha kikaratasi kilichoeleza shida yake. Watu walimfungulia kwanza kwa kumhurumia. Baadaye walianza kumsubiri mlangoni, wakitaka awaambie kama bidoni yao ni safi.

Ikafika siku ya kuitetea kazi hiyo mbele ya walimu. Siku hiyo ilibeba mengi. Hospitali aliyofanyia staji, yaani mazoezi ya kazi, ilimwambia atapata nafasi maabara akileta karatasi ya kumaliza, na bila karatasi hiyo angerudi nyumbani kumsaidia mama kuuza viazi. Mama alikaa mstari wa mbele na kitenge chake cha sikukuu. Mkobani alikuwa na kopo la poda, maana kwetu anayefaulu humwagiwa poda kichwani, hata kama amevaa suti. Kabla hatujaanza aliniegemea sikioni.

"Usituletee haya mbele ya watu," akasema.

Hakumwambia mtoto wake anayetetea kazi. Aliniambia mimi.

Lazima nieleze jambo moja hapa. Kwetu mtu hamjibu profesa kwa jibu kavu. Kwanza unashukuru kwa swali, unalisifu swali lenyewe, unajishusha, ndipo unajibu. Mikono ya mdogo wangu haina mambo hayo. Asipojua husema hajui, basi. Kwa hiyo miaka yote mitatu nilikuwa naongeza sukari kwenye majibu yake, na siku hiyo niliongeza nyingi. Walimu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Nilianza kujiona.

Ndipo mwenyekiti wao, mzee mmoja wa miwani, akafungua ukurasa wa majedwali. Akauliza kwa nini siku mbili hazina matokeo yoyote.

Mdogo wangu akajibu papo hapo. Aliacha sanduku la barafu juani huku akinywa chai kwa shangazi. Barafu iliyeyuka, maji aliyokusanya yakaharibika, akayatupa. Kosa ni lake.

Nilimtazama mama, nikatazama mkoba wenye poda. Chai kwa shangazi! Nitasemaje hayo mbele ya watu waliovaa majoho? Nikafungua kinywa, na kwa Kifaransa changu cha ualimu nikamshukuru profesa kwa swali lake la thamani. Nikasema siku hizo wenyeji walikuwa mashambani na milango ilikuwa imefungwa.

Mzee alikivuta karibu kitabu cha mdogo wangu. Alifunua kurasa za mwisho, akasoma kwa macho, kisha akasoma kwa sauti. Mdogo wangu alikuwa ameandika yote: sanduku, jua, maji kutupwa. Sikuwa nimezisoma kurasa zile. Mzee akavua miwani.

"Kitabu kinasema hivi, na mdomo unasema vile," akasema. "Ni nani aliyeandika kitabu hiki?"

Nilijua wote wanafikiria nini, kwa sababu ndilo neno lililokuwa likitembea miaka mitatu, na sasa mimi mwenyewe nilikuwa nimelipatia miguu. Mdogo wangu alimtazama mzee, akatazama watu walioinamisha vichwa, akanigeukia.

"Umesema nini?" akaniuliza kwa mikono.

Mimi, mtu wa maneno, nikamjibu kwa vidole vidogo karibu na kiuno, kama mtoto anayeiba karanga, kwamba nimesema wenyeji hawakuwepo. Mdogo wangu akainua mikono yake juu, mahali ambapo hata wa nyuma wangeona.

"Keti chini."

Nikaenda kuketi kando ya mama. Akaniuliza kuna nini.

"Amenifukuza," nikasema.

"Amefanya muzuri," mama akajibu, bila kunitazama.

Mdogo wangu akachukua chaki. Aliandika ubaoni kwa Kifaransa jibu lake lote, pamoja na shangazi na chai. Chini yake akaandika kwamba dada yake aliona aibu kwa niaba yake, kwamba kitabu ni chake, na kwamba anaomba aulizwe kwa maandishi. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa ajili ya ile chai. Mzee naye akatabasamu, akasimama, akachukua chaki ya pili.

Wakazungumza hivyo, ubaoni, karibu saa nzima. Yeye anaandika, mzee anafuta na kuandika. Swali moja nalikumbuka neno kwa neno. Mzee aliuliza: kama siku moja mkuu wako kazini akikutaka ufiche kipimo kilichoharibika, utafanya nini? Mdogo wangu hakufikiri. Aliandika kwamba ataandika kimeharibika, na atampigia mgonjwa hodi amwombe damu nyingine. Hakuna aliyehitaji kuuliza tena kitabu ni cha nani.

Walimu walitoka, wakarudi. Desturi ni kusoma matokeo kwa sauti, watu wote wakiwa wamesimama. Mzee alifungua karatasi, akasita, akaenda ubaoni kwanza na kuandika. Mdogo wangu akaruka kabla sisi wenye masikio hatujaambiwa lolote. Amefaulu, tena kwa alama nzuri. Mama akafungua kopo, na poda nyingine iliniangukia mimi, sijui kwa bahati mbaya au kwa kunisamehe. Nililia. Nilijiona mwepesi kama mtu aliyetua bidoni kutoka mgongoni baada ya kupanda kutoka ziwani.

Siku chache baadaye, tukimenya viazi, nilimwomba msamaha. Alisema hakukasirikia uongo peke yake. Alikasirika kwa sababu nilificha kosa lake, na kosa lile ndilo lililoonyesha kazi ni yake: mtu asiyefanya kazi hana kosa la kufichwa. Kisha akanirushia kiazi.

Hospitali ilimchukua. Siku ya mahojiano nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki, nimejiandaa kwa kila neno, na hakuna aliyeniita. Walimwekea taa juu ya meza, inayowaka mtu akibonyeza kitufe dirishani, na kibao cha kuandikia.

Mwezi uliopita mtoto wangu wa mwisho alipata homa, nikampeleka kupimwa damu. Nilipita foleni moja kwa moja, nikagonga kioo. Mwenzake akamgusa bega; mdogo wangu akainua macho kutoka kwenye hadubini, akanionyesha kwa kidole mwisho wa mstari.

Nikaenda. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akanihurumia, akadhani sijui utaratibu.

"Ule wa labo hasikiake," akaniambia. "Weye andika jina ya mutoto kwa kibao, bonyeza taa, ngojea. Hakoseake, na akikosea atakuambia."

Nikamshukuru, nikanyamaza, nikangojea zamu yangu.