Maharage Hupandwa Adela Akirudi

Cheka, lakini kidogo. Kikundi chetu cha wakulima hapa Nyakahura kilinituma niunganishe msaidizi wa akili mnemba na hifadhi ya kikundi ya mtandaoni yenye maelezo ya kilimo. Mimi, bingwa wa kushinda nyumbani, nikaunganisha hifadhi ya simu yangu kwa bahati mbaya. Humo hujirekodi nikijifanya namsemesha Adela, aliyehamia Mwanza bila kujua nampenda.

Mkutanoni, mama yake Adela akaiuliza simu yenye msaidizi huyo, "Maharage tupande lini?"

Ikajibu kwa sauti kubwa: "Maharage hupandwa Adela akirudi. Bila yeye hata jembe ni zito."

Watu wakaangua kicheko. Mama akanigeukia.

"Shikamoo, mama," nikasema, kama vile ndiyo kwanza nafika.

"Marahaba, baba. Wewe panda tu. Adela keshaolewa hukohuko."