Mafuta Katika Parachichi la Mama

Maparachichi niliyoyapima hayakuwa ya mama. Nimelikana jambo hili mbele ya mama mwenyewe, mbele ya rafiki yangu wa maabara, na siku moja mbele ya mchungaji ambaye hata hakuwa ameniuliza.

Mama anaishi Gonja, mlimani, kwenye shamba lenye migomba, kahawa kidogo na mparachichi mmoja mkubwa alioukuta pale alipoolewa. Matunda yake ni marefu, ya kijani, yenye ngozi nyembamba, na yakiiva ukiyatikisa mbegu inagonga ndani. Afisa kilimo alipopita akiwashauri watu waikate miti ya zamani na kuibebesha vikonyo, yaani kuipandikiza vijitawi vya aina ya kisasa, ile yenye ngozi nyeusi ya vipelevipele inayosafirishwa nje, majirani wengi walikubali. Mama alimwambia asubiri.

“Nina mtoto amesomea chakula,” alisema. “Atapima. Akisema la kisasa lina mafuta zaidi, utakata. Akisema hapana, utakunywa chai uende zako.”

Mtoto huyo ni mimi. Ni kweli nilisomea sayansi ya chakula chuo kikuu, ingawa tangu nihitimu kitu pekee nilichopika kwa ustadi ni makala za magazeti. Lakini rafiki niliyesoma naye alikuwa na funguo za maabara Morogoro, na mimi nilikuwa na hamu ya kuonekana wa maana nyumbani.

Kupima kwenyewe si uchawi. Unakata nyama ya parachichi, unaipima uzito, unaikausha kwenye tanuri, unaipima tena. Kilichopotea ni maji. Kikavu kilichobaki unakisaga na kukiosha kwa kiyeyushi kinachobeba mafuta, kisha unakifukuza kiyeyushi kwa joto ubaki na mafuta peke yake. Mengine ni nyuzi, sukari kidogo, chumvichumvi. Kuna sharti moja tu, na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua: tunda liwe limekomaa mtini. Parachichi linajaza mafuta likiwa bado juu. Ukilichuma changa litalainika, litakuhadaa, lakini maji yake yatabaki maji.

Mama aliyachagua mwenyewe. Mimi niliandika herufi M kwenye kila ganda kwa kalamu ya wino mzito, nikayapanga kwenye kikapu. Yale meusi ya kisasa, aliyonipa afisa kilimo, niliyaweka chini kwenye mfuko wa plastiki. Nikashuka.

Sasa, mtu wa kwetu hashuki mjini Same akapita moja kwa moja kwenda stendi kama mgeni. Unalala kwa ndugu. Na kikapu kilichotoka mlimani hakina mwenyewe kikishafika mjini; ni salamu za nyumbani, kinafunguliwa na yeyote aliye karibu na kisu. Nililijua hilo tangu utotoni. Nilifika kwa shangazi, dada yake marehemu baba, nikakiacha kikapu sebuleni, nikaenda kuoga.

Nilipotoka, makande yalikuwa mezani, na maparachichi yote ya mama yalikuwa yamepasuliwa pembeni yake.

“Karibu, profesa,” alisema shangazi. “Hizi M ni za nini? Siku hizi mnayapiga chapa kama ng’ombe?”

“Shangazi, hayo yalikuwa ya maabara.”

“Maabara ina njaa? Keti.” Kisha akaongeza, kwa upole, “Yale ya kwenye mfuko nimekuachia. Naona yameoza, yote meusi.”

Ningeweza kumweleza. Ningeweza kurudi mlimani kesho yake. Lakini kumwambia shangazi kwamba zawadi ya wifi yake haikuwa yake kungeanzisha maneno ambayo yangefika Gonja kabla yangu, na tikiti ya basi la asubuhi nilikuwa nimeshakata. Basi niliketi. Nilikula. Nikaomba niongezwe.

Asubuhi nilipita sokoni nikanunua maparachichi ya kijani, marefu, yanayofanana kabisa na ya mama. Yalikuwa magumu kama mawe.

“Yatalainika tu, dada,” muuzaji aliniambia.

Nilijua. Nilijua pia kwamba yanachumwa mapema ili yavumilie safari. Nilikaa kwenye benchi la stendi nikatoa kalamu yangu, nikaandika M kwenye kila moja, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mara ya kwanza.

Majibu yakatoka kama yalivyopaswa kutoka. La kisasa lilikuwa zito kwa mafuta. Lenye M lilikuwa maji yaliyovaa ngozi. Rafiki yangu alishangaa. “Mbona hivi? Una hakika yalikomaa?” Nikamwambia mama ndiye aliyeyachagua, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa maparachichi mengine.

Nilipompa mama majibu kwa simu, aliuliza mara moja tu.

“Ni yale yangu?”

“Mama, hii ni sayansi.”

Hakuuliza tena. Mti ukakatwa juu ya shina, ukabebeshwa. Likaachwa tawi moja la zamani, la kulisha mizizi hadi vikonyo vishike. Niliporudi likizo niliukuta ule mti umesimama kama mtu aliyenyolewa nusu kichwa, na mama akiwapakulia wageni huku akiomba radhi: “Mtusamehe, parachichi la hapa ni maji tu, lilipimwa.” Walikuwa wakila kimya kimya, wakikwangua maganda kwa kijiko.

Mwaka jana niliiba. Nilichuma matunda yaliyokomaa kwenye tawi lile mama akiwa kanisani, nikayavingirisha ndani ya kanga, nikapita Same bila kumsalimia shangazi, nikiwa nimejifunika kichwa kama mkimbizi. Nilipima. La mama lilikuwa karibu sawa na la kisasa kwa mafuta. Hata ungerudia kipimo, usingeweza kuapa lipi limezidi. Nikakunja karatasi ya majibu nikakaa kimya. Mti umeshakatwa, nilijiambia, kusema kutasaidia nini?

Ndipo Jumamosi moja asubuhi mama akapiga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Afisa kilimo yupo hapa na msumeno. Anasema vikonyo vimeshika, lile tawi la zamani linanyonya bure. Nimemwambia ngoja nimuulize msomi wangu. Likatwe?”

Nilisikia kuku, na mwanamume akikohoa.

“Lisikatwe, mama.”

“Si ulisema ni maji?”

“Niliyopima hayakuwa yako. Yako tuliyala kwa shangazi, na makande. Nilinunua mengine sokoni nikayaandika M.”

“Sokoni.”

“Ndiyo, mama.”

“Sokoni Same.”

“Ndiyo. Baadaye nilipima ya lile tawi. Yana mafuta karibu sawa na ya kisasa.”

“Baadaye lini?”

Hilo ndilo swali nililoliogopa kuliko yote. “Mwaka jana.”

Kukatwa kwa mti alikuwa ameshakulilia, nadhani. Ule mwaka wa ukimya wangu ndio alikuwa akiupokea sasa.

“Kwa hiyo mwaka mzima nimewaomba watu radhi kwa chakula kizuri,” alisema, “na wewe umeketi hapa mezani kwangu unanisikiliza.”

“Nisamehe, mama.”

“Utakuja Jumapili ijayo. Baada ya ibada utasimama uwaambie watu mwenyewe. Mimi sitasema neno.” Simu ikasogea mbali na mdomo wake, lakini hakuikata. “Baba, weka huo msumeno chini,” nilimsikia akimwambia afisa kilimo. “Tawi linabaki. Kaa.”

Nilitega sikio, nikingoja sauti ya chuma kwenye mti. Nilisikia vikombe, na chai ikimiminwa.