Kuku wa Mama kwenye Kota za Reli

Nilipoolewa na mchochea moto wa garimoshi nikaletwa Tabora mjini, mama yangu hakulia kama mama wengine. Alinuna. Aliona kota za reli ni mahali pa watu waliookotwa kila pembe, hakuna anayemjua mwenzake, na mume mwenyewe wiki nzima yuko njia ya Kigoma, anapakwa masizi. Siku ya kuondoka Sikonge alinipa tetea mmoja, mweupe mwenye madoa meusi na kishungi kichwani, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Akaniambia, "Nikija kukutazama, nitamuuliza huyu kwanza. Nikimkuta yuko salama, nitajua na wewe uko salama. Nisipomkuta, funga mizigo, tunarudi wote nyumbani."

Mama hakuwa mtu wa mzaha. Alikuwa mke wa mzee wa kanisa, Mmoravian wa kweli kweli, na alichosema alikifanya. Mimi nilimpenda mume wangu, sikutaka kurudi popote. Kwa hiyo yule kuku nilimtunza kuliko nilivyojitunza mwenyewe.

Kota zetu zilikuwa mbili mbili, ukuta mmoja katikati, na uani zilitengwa kwa waya. Bwana afya alikuwa ameshapita akitangaza kwamba kuku atakayeonekana anazurura atachukuliwa, basi kila mtu alijenga banda na ua wake. Wa kwetu mume wangu aliujenga kwa mataruma mabovu ya reli na wavu wa waya uliofika kifuani. Kuku wa kawaida ungemtosha. Lakini yule wa mama, loo! Alikuwa anapanda juu ya banda, anatazama huku na huku kama abiria aliyechelewa, halafu huyo, ng'ambo.

Na ng'ambo alikaa nani? Mzaramo.

Kwa wasiojua nieleze. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita kwao. Mtani akichukua kitu chako hajakuibia. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye kosa, na watu watakucheka. Jirani yangu huyu, mke wa fundi wa mabehewa, alikuwa mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, amenizidi umri kidogo, na tangu siku niliyofika hakuwahi kuniita kwa jina.

"We mpagazi!" angeniita juu ya waya. "Kuku wako kaja kunisalimia tena. Mwambie mimi nina sufuria."

"Mguse uone!"

"Nimguse? Nimpake bizari kabisa! Halafu nyinyi wanawake wa Kinyamwezi kuku hamli, mnafugia nini? Mnataka kuolewa naye?"

Hapo alinipata, maana kwetu zamani mwanamke hakula kuku kweli. Nikambeba kuku wangu nikarudi, nimevimba kwa hasira, na nyuma yangu kicheko. Jamani, nilimchukia yule mwanamke! Na siku akienda kwao likizo nilikuwa nazunguka uani sijui nifanye nini.

Basi mwaka mmoja, asali ilipokwisha kurinwa, akaja muuza asali mmoja wa Sikonge na baiskeli yake. Akanywa maji, akapangusa jasho, akasema, "Mama yako anakuja na lori la Jumamosi."

Nikakimbilia uani. Kuku alikuwepo, salama, mnene. Lakini huko kuruka kwake! Yule Mzaramo alikuwa ameshatangaza kwenye bomba la maji tunakoteka sote kwamba akitua tena kwake hatoki. Wanawake wa bombani wakaniambia dawa ni moja, mpunguze mabawa.

Sasa hapa ndipo ujue nilisomea nini. Nilikuwa nimefundishwa kushona misheni, na mwalimu wetu alikuwa na neno moja tu: sawa kwa sawa. Ukikata mkono wa gauni wa kulia, wa kushoto uufuate, usizidi hata uzi. Nikampakata kuku wa mama, nikamfunika kichwa kwa kitambaa atulie, nikakunjua bawa. Nikakata yale manyoya marefu ya kurukia kwa mkasi wangu wa kushonea. Nikageuza upande wa pili. Nikapima kwa utepe. Nikapunguza kidogo. Nikapima tena. Nilipomwachia alikuwa amekaa vizuri, ungesema anakwenda kubarikiwa kanisani. Nilijisifu siku nzima.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nakuna mihogo. Nikamwona juu ya banda. Nikacheka, nikasema ruka basi tuone. Akaruka! Hakuruka juu kama zamani, alipiga piga mabawa yake mafupi haraka haraka, akapita waya kwa shida, akaangukia kifua uani kwa Mzaramo. Niliacha mihogo nikakimbia kuzunguka kota. Kuzunguka kwenyewe ni safu nzima ya nyumba, na kwa mtu mmoja mmoja lazima usalimie. Nilipofika, mumewe alikuwa ameshashika kisu na kuku ameshachinjwa.

Mzaramo mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kibao, anachemsha maji ya kunyonyolea.

"Karibu, mpagazi," akasema. "Umemkata mabawa yote mawili? Ulikuwa unamshonea gauni? Hukatwa moja, mtani! Moja tu! Akitaka kuruka anapinda upande, anaanguka palepale. Ukikata yote mawili sawasawa umempunguzia mzigo tu."

"Kumbe ulijua! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie, nile nini?"

Nikalia. Sikulia kidogo, nililia kwa sauti, nimekaa chini kwenye vumbi, na nikamweleza yote: mama, lori la kesho, mizigo. Kicheko kikamkauka. Akamtazama yule kuku kwenye karai, akanitazama mimi. Akasema polepole, "Aliyechinjwa hafufuki. Mama akija, mwachie mimi." Nikaona huyu anataka kunimaliza kabisa.

Jumamosi mama akafika, amejifunga khanga mbili, na furushi la karanga kichwani. Mume wangu alikuwa mapumziko siku hiyo. Akamwamkia mkwewe kwa mbali, ameangalia pembeni, kama adabu ya kwetu inavyotaka, kisha akatoweka kwenda kwa rafiki zake. Mama akakaa uani kwenye kigoda. Nikampa maji. Kabla hajanywa macho yake yakawa kwenye ua wa kuku.

"Yuko wapi?"

Nikageukia bandani, kama vile namtafuta. Na pale pale, juu ya waya, kikatokea kile kichwa.

"Shikamoo, mama! Usimtafute, nimemla mimi. Alikuwa mtamu, ila shingo ngumu kama mwenyewe."

"Marahaba," akasema mama, taratibu. "Nawe u nani?"

"Mzaramo."

Mama akaweka kikombe chini. Akasimama. Akakaza khanga yake kiunoni, akatoka, akazunguka safu ya kota. Mimi nyuma nikimwomba, "Mama, tafadhali, mama, huyu ni mtani tu." Hakugeuka. Nilijua leo kota zote zitajaa watu. Akaingia uani kwa Mzaramo, akapita moja kwa moja hadi bandani, akainama. Makelele ya kuku! Akatoka na jogoo mkubwa mwekundu, fahari ya nyumba ile, amembana kwapani. Njiani akaanua na khanga mpya iliyokuwa kwenye kamba, akajitupia begani.

"Mwizi!" Mzaramo akapiga ukelele, anapiga makofi, machozi ya kicheko yanamtoka. "Wanyamwezi wamekuja kuniibia! Njooni mwone!"

"Baba yangu alipita kwenu na mzigo kichwani mkamla mbuzi wake," akasema mama. "Nimesubiri tangu nikiwa msichana."

Jamani, mama yangu! Yule yule aliyekuwa akinipiga jicho nikicheka kanisani! Tuliporudi akaniomba mkasi, akaniambia nimshike jogoo, akamkata bawa moja, chapchap, bila kupima.

Halafu likaja jambo ambalo mimi kwa wasiwasi wangu sikulifikiria. Mama angelala wapi? Kota yetu ilikuwa chumba na sebule, na mkwe halali chini ya paa moja na mume wa bintiye. Mama naye nadhani ndipo alipolikumbuka, maana alianza kulitazama furushi lake. Mzaramo akaja mwenyewe akalichukua. "Mama yangu analala kwangu," akasema. "Jogoo wangu kamchukua, khanga kachukua, kitanda nacho achukue."

Jioni ile, nikipika, niliwasikia kupitia ukutani. Walikuwa wanacheka. Mama anacheka hadi anakohoa. Nilifurahi nikaunguza ugali.

Alikuwa amesema atakaa wiki. Jumatatu akasema anaondoka. Tulimsindikiza lorini sote wawili, Mzaramo akiwa amejitwika furushi na kulalamika kwamba leo yeye ndiye mpagazi. Lori likawashwa. Mama akanishika kiganja.

"Nilikuja kukuchukua," akaniambia. "Nilishaamua, kuku awepo asiwepo. Nilikuwa silali, nikikuwaza umekaa hapa peke yako, mume safarini, huna hata wa kugombana naye."

Nikakibana kiganja chake. Akageuka kwa yule mwanamke aliyemla kuku wake.

"Akiugua, usisubiri mumewe ateremke kwenye treni."

"Nimesikia, mama," akajibu. "Huyu ni mdogo wangu."

Nikamtazama usoni, nikingoja aongeze utani. Hakuongeza.