Jiwe Lililogeuka Mwezi

Jirani yangu Magreth ni mtu wa kutoa. Ukimwomba chumvi, anakupa na kitunguu. Kwa hiyo fundi Stanley alipopita mtaani kwetu hapa Singida mjini akitafuta mawe ya kutengenezea mifano ya jua, mwezi na sayari pale kwenye bustani ya watoto, Magreth alimwonyesha jiwe la kusagia lililokaa nyuma ya jiko.

"Chukua tu. Siku hizi tunasagisha mashineni."

Jiwe alikuwa ameletewa na mama mkwe wake, bibi Anastazia wa Mtinko, siku alipoolewa.

Juzi Magreth kajifungua. Bibi akaja na uwele wa uji wa mzazi, na kwenye kanga kafunga mwenzake, lile jiwe dogo la kusukumia nafaka, ambalo hakuwahi kuliacha kwa mtu.

"Mashineni uwele utachanganyika na mahindi ya watu. Jiwe kubwa liko wapi?"

"Nimemwazima mama Flora," Magreth akajibu, macho kwa mtoto.

Mama Flora ni mimi. Bibi akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete jiwe langu, we mvivu! Au umeshalisaga lenyewe?"

Nikamkaza Flora mgongoni, na wala hakuwa amelegea. Bibi akaacha kucheka.

"Mmelivunja?"

"Hapana, bibi. Liko bustanini."

Magreth akatufuata na kichanga chake, japo mzazi hatoki nje mapema hivyo.

Jiwe lilikuwa limesimamishwa kwenye saruji, limepakwa rangi nyeupe, mwezi kamili. Watoto walikuwa wanaligusa. Bibi akapitisha kiganja kwenye lile bonde la katikati.

"Hapa pamechimbika kwa mikono ya mama yangu. Na mimi nikaongezea."

Magreth akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilidhani ni jiwe tu."

"Ni jiwe, ndiyo. Lakini umenituma kwa jirani nikadai kitu ambacho hana." Akamshika mkono. "Inuka, kitovu cha mtoto hakijakauka."

Uwele ulienda mashineni. Jioni nilimkuta Magreth anakunywa uji wenye harufu ya mahindi, anaumaliza bila kuinua uso.

Bibi alipofunga mzigo wa kurudi Mtinko, Magreth akamwomba amwachie lile jiwe dogo.

"Utalisukumia wapi, mwanangu?" bibi akauliza, taratibu kabisa, akalifunga kwenye kanga.