Tangi Jekundu Lenye Mabawa

Jamani, leo ziwa limenivua nguo mchana kweupe.

Mnaijua ile pikipiki kuukuu ya marehemu kaka yangu. Binti yake anaolewa Jumamosi hapa Lituhi. Amesema gari hataki, anakwenda kanisani na pikipiki ya baba yake.

Nikasema, fundi wa Mbinga wa nini? Mimi nikipaka rangi, unanyolea ndevu humo kama kwenye kioo.

Siku tatu napiga msasa. Mabega si yangu tena.

Leo nikamaliza mkono wa mwisho wa rangi. Tangi jekundu likang'aa mpaka jogoo akaanza kupigana na mwenzake aliyemwona ndani!

Ndipo wale wadudu wadogo wa ziwani wakainuka kama moshi, wingu zima likaja nchi kavu. Giza. Kuku waliingia kulala saa nane mchana, haki ya Mungu.

Lilipopita, rangi mbichi ilikuwa imewanasa, tangi limeota manyoya.

Mke wangu akatoka na sufuria, anakusanya wadudu wa kupika.

"Baba Oska, umepaka rangi au umetega mboga?"

Nikashika msasa nianze upya.

Bibi harusi akafika. Akalitazama tangi. Nikajua nimemharibia.

"Baba mdogo, weka msasa chini. Baba alikuwa anarudi na pikipiki hii hivihivi, wadudu mpaka kwenye ndevu."

Nimeuweka. Nimekaa hapohapo chini.

Anayetaka kucheka acheke leo, hapahapa. Jumamosi sitaki kumsikia mtu.